Kumfikisha mtu mlangoni: mwongozo wa uhamasishaji jamii katika kinga ya VVU, Tinde na ukanda wa dhahabu

Mwongozo huu ni kwa ajili ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, waelimishaji rika, wajumbe wa kamati za kudhibiti UKIMWI za vijiji na kata, na watendaji wanaotakiwa kuandaa shughuli za kinga ya VVU katika Kata ya Tinde, vijiji jirani na machimbo yanayofikika kutoka hapo. Mratibu wa halmashauri anaweza kuutumia kufundishia. Hauchukui nafasi ya miongozo ya Wizara ya Afya wala ya TACAIDS. Unaongeza yale yanayotegemea mahali, ambayo mwandishi aliyekaa Dodoma hawezi kuyaweka kwenye waraka wa nchi nzima.

KAZI YENYEWE

Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/23 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU, na maambukizi mapya yapata 60,000 kwa mwaka. Namba inayomgusa mhamasishaji imo ndani zaidi ya ripoti ile: kati ya watu wote wanaoishi na VVU (WAVIU), asilimia 82.7 ndio waliokuwa wanajua hali zao. Kati ya hao wanaojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na kati ya walio kwenye dawa, asilimia 94.3 walikuwa wamefubaza virusi. Kwa maneno mengine, mtu akishaingia kliniki, mara nyingi mfumo unamshika vizuri. Wengi wanaopotea hupotea kabla ya kuingia, na huko nje hakuna nesi wala daktari. Kuna mhamasishaji.

Ndiyo maana mkutano wa hadhara wenye spika kubwa, fulana na watu mia nne, ambao baada yake hakuna hata mmoja aliyekwenda kupima, hauna budi kuandikwa kwenye taarifa kuwa ni burudani. Si kwamba mikutano haina kazi. Tarehe 14 Julai 2007, Rais Kikwete na mkewe walipopima mbele ya umma pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kampeni ya kitaifa ya kupima kwa hiari ilipata msukumo ambao vipeperushi visingeweza kuuleta. Lakini kwenye kata, mkutano ni mlango wa kwanza tu. Kazi inayosimamiwa na mwongozo huu ni kumtoa mtu mmoja mmoja pale alipo, kumfikisha kwenye huduma aliyoichagua mwenyewe, na kuhakikisha anarudi siku aliyoambiwa.

Mkoa wa Shinyanga hauna nafasi ya kulegea. Utafiti wa 2011/12 uliuweka kwenye asilimia 7.4 ya watu wa miaka 15 hadi 49, wakati wastani wa taifa ulikuwa 5.1.

IJUE NJIA PANDA KABLA YA KUISEMESHA

Barabara inayotoka Nzega hugawanyika Tinde. Mkono mmoja unakwenda Shinyanga mjini na Mwanza. Mwingine unakwenda Isaka, Kahama, na mbele zaidi hadi Rwanda na Burundi. Isaka kuna bandari kavu. Ukipita Kahama unaingia nchi ya dhahabu: Kakola na mgodi wa Bulyanhulu, kisha Geita na Katoro, na katikati yake machimbo madogo yasiyohesabika. Na huna haja ya kufika Geita kukutana na wachimbaji: Mwakitolyo iko ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga hiyo hiyo.

Kabla ya shughuli yoyote, tembea eneo lote mara mbili, mchana na usiku. Mchana nenda na mwenyekiti wa kitongoji. Usiku nenda na mtu anayefanya kazi usiku: dereva wa bodaboda, mlinzi wa gesti, au mama anayeuza chai na chapati mahali malori yanapolala. Hao wawili watakuonyesha Tinde mbili tofauti. Chora ramani kwenye karatasi kubwa: mabaa, gesti, vibanda vya pombe za kienyeji, vibanda vya video, maduka ya dawa, stendi, saluni, kisima ambako wasichana huchota maji jioni. Kila mahali andika saa ambayo watu hujaa na aina ya watu wanaojaa. Ramani isiyo na saa ni picha tu.

Kisha weka kalenda. Msimu wa kuuza pamba ukifika, kuanzia Mei au Juni, fedha iko mikononi mwa wanaume na mabaa yanachangamka. Huo ndio wakati wa kuhakikisha kondomu hazikatiki. Baada ya mavuno huja mbina, ngoma za mashindano za Wasukuma. Vikundi vya Bagika na Bagalu vikishindana, vijana hutoka vijiji vingi na kukesha, na kinachotokea pembezoni mwa uwanja usiku kila mzazi wa Kisukuma anakijua. Zungumza na viongozi wa ngoma wiki kadhaa kabla, si siku yenyewe. Manju akikubali kutunga maneno yake mwenyewe kuhusu kupima, muache atunge. Ujumbe ulioandikwa na ofisi ukiimbwa na manju husikika kama risiti inayosomwa kwa sauti. Mvua zikianza, watu hutawanyika mashambani na mkutano wa kijiji hupata wazee na watoto. Usipange zoezi kubwa wakati huo kwa sababu tu robo ya mwaka ya mfadhili inaisha.

Kuna pia jambo lisilo na kalenda: rashi. Habari ya dhahabu mpya ikitoka, kijiji kinaweza kubaki bila vijana wa kiume ndani ya siku chache, na kambi ya maturubai ikasimama mahali ambapo jana palikuwa na mbuzi. Kamati ya kata iwe na mtu mmoja mwenye jukumu la kusikia habari hizi mapema na kumwarifu mratibu. Mara nyingi anayejua kwanza ni dereva wa bodaboda.

Kuhusu malori, kuna funzo kutoka mbali. Mpango mkubwa wa India ulioitwa Avahan, ulioanza mwaka 2003 kwa fedha za Wakfu wa Gates, ulianza kwa kuwafuata madereva kwenye vituo vingi kando ya barabara kuu. Baadaye ulipunguza vituo na kujikita pale madereva wanapokaa muda mrefu wakisubiri mzigo. Dereva anayekunywa chai kwa dakika kumi hana muda na wewe. Anayesubiri karatasi za mzigo Isaka kwa siku mbili anao, tena mwingi kuliko anavyotaka.

YALIYOKWISHA KUJARIBIWA KANDA HII

Wahamasishaji wengi hawajui kwamba Kanda ya Ziwa imefanyiwa majaribio ambayo dunia nzima inayanukuu. Mawili yanatosha kubadilisha namna ya kupanga kazi.

La kwanza lilifanyika Mkoa wa Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jamii 12 ziligawanywa kwa jozi. Katika sita kati ya hizo, zahanati na vituo vya afya viliboreshewa tiba ya magonjwa ya ngono: watumishi walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zilipatikana, na wanavijiji walihimizwa kuwahi kutibiwa. Hakukuwa na mashine za ajabu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha maambukizi mapya ya VVU yamepungua kwa takriban asilimia 40 katika jamii zilizopata huduma hiyo.

La pili ni MEMA kwa Vijana, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika jamii 20 za Mkoa wa Mwanza wa wakati huo, Geita ikiwemo kabla haijawa mkoa mwaka 2012. Watoto wa shule za msingi walifundishwa kwa makini, waelimishaji rika wakaandaliwa, watumishi wa afya wakafundishwa kuwapokea vijana. Uelewa wa vijana uliongezeka sana, na miaka kadhaa baadaye bado walikuwa wanakumbuka. Lakini maambukizi ya VVU hayakupungua ukilinganisha na jamii ambazo hazikuguswa.

Somo hili la pili ni chungu kwa watu wa kazi yetu, nasi hupenda kulipita haraka. Kijana anaweza kujibu maswali yote ya VVU bila kukosea, kisha akaishi kama alivyoishi jana, kwa sababu hali ya maisha yake haijabadilika: msichana bado anategemea fedha ya mwanamume mkubwa, mvulana bado anapimwa uanaume wake kwa idadi ya wanawake. Kwa hiyo ukijikuta unaandika kwenye taarifa kwamba "jamii imeelimika", jiulize swali la pili: huduma gani imefikiwa, na nani?

Jaribio jingine, la jirani zetu, linaonyesha njia. Shirika la Raising Voices la Kampala lilibuni mbinu ya SASA!, ambamo wakazi wa kawaida, wanaume na wanawake, hufundishwa kuzungumza na majirani kuhusu madaraka ndani ya nyumba, ukatili na VVU: kwenye kijiwe, sokoni, kibarazani, bila jukwaa. Utafiti uliofanyika Kampala kati ya 2007 na 2012 ulikuta wanawake wa maeneo yenye SASA! wanapigwa na wenzi wao kwa kiwango kilichokuwa pungufu kwa takriban nusu. Waliofanya kazi ile walikuwa wakazi wa mitaa ile ile, na waliendelea kuwepo mradi ulipokuwa kimya.

KUBISHA HODI

Taratibu ni zile zile mnazozijua: mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti, mganga mfawidhi wa kituo. Jambo moja tu la kuongeza. Katika nchi hii ya Wasukuma, sungusungu wana nguvu ya kukusanya watu ambayo ofisi ya kijiji mara nyingi haina. Waombe wakupe nafasi ya kusema kwenye mkutano wao, na waombe ulinzi wa huduma za usiku. Usiwaombe kamwe kuleta watu kupima. Mtu aliyeitwa na sungusungu hajaja kwa hiari, na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 imeweka wazi kwamba kupima ni kwa ridhaa ya anayepimwa. Hata kiongozi mwenye nia njema akijitolea kusema "nitawaleta wote kesho saa mbili", mshukuru, na umwombe badala yake apime yeye mwenyewe, kama ataridhia.

MAZUNGUMZO

Mafunzo mengi hufundisha mhamasishaji nini cha kueleza. Yafundishe zaidi namna ya kuanza. Yafuatayo ni mazungumzo ya kufanyia mazoezi. Mhamasishaji ni mwanamke kijana, dereva ni mtu mzima, saa tatu usiku.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba mwanangu. Unauza nini?"
"Siuzi kitu mzee, natoka upande wa afya. Leo mnalala hapa?"
"Tunalala. Tairi hili halinifikishi Kahama."
"Poleni. Nesi yuko pale nyuma mpaka saa sita. Anapima presha, sukari, na VVU kwa anayetaka."
"VVU nilishapima mimi."
"Vizuri sana mzee. Ilikuwa lini?"
"Kama mwaka juzi hivi."
"Basi nina kipimo cha kujipima mwenyewe, unakaa nacho humu humu kwenye gari, dakika ishirini. Sitakuuliza majibu. Ukitaka kuongea na mtu, namba ya nesi iko kwenye karatasi."

Angalieni alichokiacha. Hakuuliza idadi ya wapenzi. Hakutaja vifo. Hakumwambia dereva kwamba madereva ni kundi hatarishi. Yeye ni mtu mwenye tairi bovu, na presha ndiyo iliyofungua mlango. Pia hakubishana na "nilishapima". Aliyesema amepima amejibu kwa heshima, naye ajibiwe kwa heshima.

Anayetoa kipimo cha kujipima aeleze mambo matatu kwa ufupi: majibu yakionyesha maambukizi si ya mwisho mpaka yathibitishwe kituoni, aliyepata hatari ndani ya miezi mitatu iliyopita arudie kupima, na anayetumia dawa za kufubaza VVU asijipime kwa kifaa hiki, kinaweza kumdanganya. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 ndiyo yaliyoruhusu kujipima na kushusha umri wa kuridhia kupima bila mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Kuna wazazi ambao hawajui hilo, na kuna watumishi pia.

Kwa yule ambaye jana kondomu imepasuka, au amebakwa, hakuna muda wa mazungumzo marefu. Dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora. Mpeleke.

TOHARA

Hapa tukae kidogo, maana ndipo uhamasishaji wa ukanda huu ulipofanya kazi kubwa na ndipo ulipokwama.

Majaribio matatu, ya Orange Farm Afrika Kusini, Kisumu Kenya na Rakai Uganda, yalionyesha kwamba tohara hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Machi 2007, Shirika la Afya Duniani na UNAIDS wakaipendekeza. Tanzania ikaanza kutoa huduma hiyo kwa wingi kuanzia mwaka 2010, katika mikoa ambayo tohara si mila yake, Shinyanga na Geita ikiwemo.

Wavulana walikuja kwa wingi. Wanaume wenye wake na watoto walisuasua, na hao ndio wenye hatari ya leo. Sababu zao si ujinga. Mwanamume wa miaka 35 haketi kwenye benchi moja na mwanafunzi anayesoma na mwanawe. Hataki kuhudumiwa na nesi ambaye ni binti wa jirani. Anaogopa maumivu, sawa, lakini anaogopa zaidi wiki sita za kutokutana na mwenzi wake, na kile mwenzi wake au yeye mwenyewe atakachofanya katika wiki hizo. Na anahesabu siku za kazi.

Kwa hiyo tenga siku au saa za watu wazima peke yao, ikiwezekana jioni, na mlango wao. Omba wahudumu wa kiume pale wanapopatikana. Zungumza na wanawake kwa wakati wao, kwenye vikoba na kliniki ya watoto, kwa sababu uamuzi huu mara nyingi hufanyika usiku ndani ya nyumba; waeleze pia kwamba mwenzi aliyetahiriwa hupunguza uwezekano wa mwanamke kupata virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ila tohara haimkingi mwanamke moja kwa moja na VVU. Mtumie mwanamume aliyekwisha kutahiriwa akiwa mtu mzima. Neno lake moja linatosha.

Msiwadhihaki wasiotahiriwa, hata kwa mzaha wa jukwaani. Msukuma aliyewahi kuoga bwenini au kambini na watu wa pwani anakijua kicheko kile, na wengi wamekibeba tangu utotoni. Mtu anayekuja kwa aibu hurudi nyumbani kwa aibu, na hatamleta mdogo wake.

Semeni wazi kwamba kondomu inaendelea. Semeni wazi kwamba kidonda hakipakwi majivu, samadi wala dawa ya mizizi, kwa sababu pepopunda huua. Na kabla mtu hajatahiriwa, mhamasishaji ajue atakuwa wapi baada ya saa 48 na siku ya saba, ambazo ndizo siku za kurudi kuangaliwa. Kwa mchimbaji swali hili ni la lazima. Kama amesikia rashi mpya na anaondoka keshokutwa, mshauri asubiri. Akisisitiza, mwandikie kituo cha huko aendako na umpigie simu mhamasishaji wa huko.

MACHIMBONI

Anza na mwenye leseni au msimamizi wa eneo, kisha wenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia. Bila wao utaonekana mpelelezi wa kodi au wa madini, na hakuna atakayekaa kukusikiliza. Uliza zamu: nani anashuka saa ngapi, nani anapanda saa ngapi, karasha za kusaga mawe zinasimama lini. Uliza pia siku ya mgao. Siku hiyo mtu aliyekaa shimoni wiki tatu akila kwa mkopo ghafla ana fedha mfukoni, na kila biashara ya kambi inamsubiri. Huduma ya kupima na kondomu ziwe zimefika jana yake.

Elimu ifanyike kwa dakika tano, watu wakisubiri chakula kwa mama ntilie. Mama ntilie mwenyewe ni mhamasishaji bora kuliko wengi tunaowalipa: anajua nani anaumwa, nani hajaonekana, nani kikohozi chake hakiishi. Kikohozi hicho kichukuliwe kwa uzito, kwani vumbi la mawe na kifua kikuu hutembea pamoja machimboni, na kifua kikuu na VVU vivyo hivyo. Atakayekuja kwa ajili ya kikohozi atapimwa vyote viwili bila kuonekana amefuata kimoja.

Kwa migodi mikubwa utaratibu ni tofauti na una ofisi zake. Kwa wanaotafuta ufadhili wa vikundi, wajue kwamba Mgodi wa Geita pamoja na TACAIDS wameendesha Kili Challenge tangu 2002, wakichangisha fedha za mapambano haya kwa kupanda Mlima Kilimanjaro.

WANAWAKE WA MABAA NA WASICHANA

Hawa hutajwa kwenye kila andiko la mradi kama "walengwa". Waacheni wawe waendeshaji. Huko Kolkata, India, kazi iliyoanza mwaka 1992 katika mtaa wa Sonagachi iliwafanya wanawake wanaouza ngono wenyewe kuwa waelimishaji, kisha wakaunda chama chao, wakadai mambo ambayo hakuna mtaalamu aliyeyaandika: kutopigwa, kuweka akiba, kusomesha watoto. Kondomu zilifuata. Tinde hapahitaji chama kikubwa. Panahitaji wahudumu wa baa wawili watatu wanaoaminiwa na wenzao, walipwe sawa na mhamasishaji mwingine yeyote, na wawe na simu ya mtu wa dawati la jinsia la polisi na ya nesi mmoja asiyewafokea. Kikundi kikisimama, mtendaji awasaidie kuomba mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Mwanamke mwenye mtaji wake ana sauti zaidi anapodai kondomu. Yule aliye kwenye hatari ya kila siku aelezwe pia kuhusu PrEP, dawa kinga inayomezwa kabla ya kukutana na hatari.

Kwa wasichana, Shinyanga ina mfano wake. Mwaka 2019 maduka 20 ya dawa yalishiriki jaribio lililozaa Malkia Klabu: wasichana wa miaka 15 hadi 24 walijiunga kama wateja wa duka na kuweza kupata vipimo vya kujipima VVU na uzazi wa mpango, bila foleni ya kituo na bila macho ya shangazi aliyekaa benchi la mbele. Mwuza duka la dawa muhimu ni mtu wa kufanya naye urafiki mapema. Msichana humweleza mambo ambayo hatamweleza mwalimu.

Na tusijifanye hatuoni. Takwimu za 2010 ziliuweka Mkoa wa Shinyanga juu kabisa kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza 18. Msichana aliyeozwa kwa ng'ombe hawezi kumwambia mume avae kondomu. Mhamasishaji anayesikia maandalizi ya ndoa ya namna hiyo ampelekee habari afisa ustawi wa jamii, kimya kimya.

WAGANGA NA VIONGOZI WA DINI

Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500, na wapo waliotupa dawa za kufubaza VVU waliporudi. Kuwatukana waliokwenda hakukumrudisha mtu kliniki. Kanuni ya mwongozo huu ni kwamba mhamasishaji habishani na imani. Anaomba jambo moja tu, dawa ya kliniki isiachwe. Mganga wa kienyeji na mchungaji wote wanaweza kukubali ombi hilo, na wengine watakuwa wa kwanza kukuletea mgonjwa.

SIRI

Tinde ni ndogo. Mtu akionekana mara mbili akiongea na wewe, mtaa unaanza kuhesabu. Hivyo kadi ya rufaa isiwe na neno VVU wala nembo ya utepe mwekundu. Iwe na namba, tarehe na jina la kituo. Usimtembelee mtu nyumbani ukiwa na fulana ya mradi. Usiwe na kundi la WhatsApp lenye majina ya waliopimwa, hata kama kiongozi wako ndiye aliyelianzisha. Usihifadhi orodha ya wanawake wa mabaa kwa majina, tumia namba. Ukikutana na mteja sokoni, msubiri akusalimie yeye kwanza. Asiye tayari kupima Tinde apewe nauli au maelekezo ya Shinyanga mjini au Kahama, na hilo lihesabiwe kuwa mafanikio. Kutoa siri ya hali ya mtu ni kosa kisheria. Mhamasishaji akitoa siri mara moja aondolewe kwenye kazi, bila kikao cha usuluhishi.

DAFTARI NA POSHO

Daftari la mhamasishaji liwe na safu nne: aliyezungumzishwa, aliyekubali rufaa, aliyefika, aliyerudi. Safu mbili za kwanza ni zako, hakiki mbili za mwisho na nesi kila Ijumaa. Anayeleta mia mbili kwenye safu ya kwanza na wanne kwenye ya tatu anahitaji kusaidiwa namna ya kuzungumza. Anayeleta kumi na wanafika tisa, muulize anafanyaje, kisha wafundishe wengine. Msimlipe mtu kwa kichwa cha kila aliyepimwa: malipo ya namna hiyo huzaa watu wanaopima mara tano kwa mwezi ili kumsaidia rafiki.

Januari 2025 fedha za misaada ya Marekani zilisimamishwa ghafla, na kazi nyingi za ngazi ya jamii zikasimama nazo. Kwa maoni ya mwandishi, udhaifu ulikuwepo kabla: wahamasishaji walikuwa wa mradi, si wa kijiji, na mradi ulipoondoka uliondoka na madaftari. Kuanzia sasa kila kijiji kiwe na wahamasishaji waliopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, waingizwe kwenye mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa mwaka 2024 pale nafasi zinapotokea, na bajeti ya kijiji iwe na fungu dogo la nauli na vocha. Rejista ya rufaa, ambayo ni ya namba bila majina, ibaki kwenye kabati linalofungwa katika kituo cha afya, ufunguo kwa mganga mfawidhi. Mhamasishaji anayeacha kazi, kwa sababu yoyote, atembee na anayempokea kwa wiki moja: mchana kwenye vitongoji, usiku kwenye malori na mabaa, na kwa kila mteja ambaye bado hajarudi amwombe ruhusa kabla ya kumtambulisha kwa mtu mpya.